Mlango wa Karatasi na Mlango wa Kuku

Sifa ziwe kwa Mungu, anayeifunika milima yetu kwa ukungu asubuhi kama mama anavyomfunika mtoto, kisha akaifunua taratibu ili kila mtu aone njia ya kazi yake. Amenipa uzee, na katika uzee amenipa kicheko. Nikianza kusimulia bila kumshukuru kwanza, mkono wangu utakuwa umeandika uongo kabla ya neno la kwanza.

Mimi ni mtumishi wa Leta, yaani serikali, hapa Butembo. Ofisi yetu, biro tunavyoiita, inashughulikia dosie za waalimu, mafaili yao: anayeomba likizo ya uzazi, anayehamishwa, anayetaka kupumzika baada ya kufundisha maisha yake yote. Wanatoka Lubero, wanatoka Mbau, wengine wanashuka milima kwa miguu na viatu mkononi, wavivae wakifika mlangoni petu. Kazi yangu ni kupokea karatasi zao na kuangalia kama zimekamilika. Nimeifanya tangu marehemu mume wangu akiwa kijana, na sijaichoka.

Mwaka ule mvua ilikuja na upepo wa ajabu. Ulifunua mabati ya biro yetu kama mtu anavyofunua sufuria aone kama chakula kimeiva. Tulikuwa ndani. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Shefu wetu alibaki kwenye kiti chake, kalamu mkononi, akitazama mawingu pale dari ilipokuwa, mvua ikimwingia kolani.

“Bon,” alisema. “Leo tumemaliza mapema.”

Huyo shefu ni mtu wa Kasai. Leta ilimtuma kwetu, akajifunza Kiswahili chetu sokoni, na Lingala na Kifaransa vinamchomoka hapa na pale, hasa “mais”, yaani lakini. Ni mtu wa haki, lakini haamini kitu asichokiona. Mabati mapya yaliagizwa, na tukaambiwa yatapitia Kasindi, mpakani. Kila mtu wa Butembo anajua maana ya kitu kupitia Kasindi: kitafika, ila usikae mlangoni kukingoja. Basi shefu akatoa amri.

“Kila mutu afanye kazi kwake nyumbani. Mais nisisikie mutu analala na mushahara ya Leta inatembea!”

Aliyefurahi kuliko sisi wote alikuwa sekretere wetu. Ni mama kijana, mikono yake myepesi kwenye ordinatera, kompyuta yetu, kama ya mtu anayechambua mchele. Mume wake ni muuguzi Beni, na hospitali yake haikuweza kumwacha aje huku. Kwa hiyo yeye alikuwa amepanga chumba Butembo, mtoto wao akibaki Beni na nyanya yake. Jumamosi, barabara ikipitika, alipanda gari kwenda kuwaona. Lakini barabara ile siku nyingine inapitika na siku nyingine hapana, na wasafiri wa Beni hawaagani kwa mzaha, maana si wote wanaofika.

Jumatatu moja, kabla ya upepo ule, nilimkuta biro amekaa bila kuwasha mashine.

“Mtoto alikuwa mgonjwa?” nikamwuliza.

“Hapana, Mama. Iko muzima. Nilimubeba, akalia. Akanyosha mikono ku nyanya yake. Miye njo nilikuwa mugeni.”

 Nilimletea chai.

Sasa upepo ulipotufukuza, alifunga ordinatera ya biro kwenye kitenge, akaenda nayo Beni, akaishi na mume wake na mtoto wake chini ya bati moja. Kazi tuliipanga hivi: mimi ninapokea watu kwangu, kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na soko na kila mtu anaijua. Ninaangalia karatasi, ninazipiga picha kwa simu, ninamtumia. Yeye anaandika barua, anairudisha kwa simu, duka la chini ya barabara linaichapa, na mimi nikitoka misa ya asubuhi ninazipeleka kwa shefu kwenye kikapu, atie sahihi. Mtandao ukikatika tunangoja. Kungoja tulifundishwa zamani.

Nilidhani hilo ndilo lote. Sikuwa nimefikiria habari ya kuku.

Siku za kwanza alikuja mwalimu kutoka Lubero na dosie yake kwapani na mfuko wa viazi begani. Nikamwambia, “Mwalimu, viazi hapana. Mimi ni mtumishi wa Leta.” Akanitazama kama niliyemtukania mama yake.

“Mama, ku biro sikukuletea kitu ata siku moja. Mais hapa ni biro? Hapa ni kwako. Niingie kwa mujane mikono mitupu, watu ba kwetu batasema nini?”

Alikuwa na haki. Kwetu mtu haingii nyumba ya mtu mikono mitupu, na aliyeingia hatoki bila kula. Hayo tumeyanyonya pamoja na maziwa. Lakini masista walionilea katika shule ya misioni, kule Lubero kwenye baridi, walinifundisha jambo jingine: mkono unaopokea kitu huku unaandika, maandishi yake hupinda. Nikawa katikati. Nikikataa viazi, ninamdharau mgeni. Nikipokea viazi na dosie kwa pamoja, je, nimeuza nini? Na baada ya viazi vilikuja maharagi, na ndizi, na kuku aliyefungwa miguu, akinitazama kwa jicho moja juu ya dosie ya mtu wa Mbau.

Nilikwenda kwa padri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akavua miwani.

“Mama, nyumba yako ina milango mingapi?”

“Miwili, padri. Wa mbele, na wa nyuma kule jikoni.”

“Basi,” akasema, akaenda kubatiza.

Nilitembea na neno hilo hadi nyumbani, na kabla sijafika nilikuwa nimelielewa. Kesho yake niliwatangazia watu waliokaa kwenye mabenchi niliyoazima kanisani. Karatasi inapita mlango wa mbele. Kuku anapita mlango wa nyuma. Mwenye karatasi hapiti nyuma, si leo wala kesho, mpaka barua yake itiwe sahihi na aende kwao kwanza. Na aliyepita nyuma ni mgeni: atapewa kiti, atapewa chakula, lakini neno la biro halitatoka kinywani mwake siku hiyo, hata awe na dosie kwenye soksi. Na kila kitakachopita nyuma kitaingia sufuriani na kuliwa na wote wanaongoja, ili jioni nisibaki na kitu cha mtu.

Sufuria niliikabidhi kwa jirani yangu, mama mwuza viazi, mwenye mikono mipana na ulimi usio na mlango hata mmoja. Aliishika sheria ile kuliko katekisimu. Nilimsikia akimfukuza kaka yake mwenyewe: “Umebeba ndizi na karatasi? Chagua! Uko mugeni ao uko mwalimu?”

Tukaishi hivyo, na yalikuwa masiku mazuri. Waalimu waliokuwa hawajuani, mmoja wa misitu ya Mbau na mwingine wa mashamba ya viazi ya Lubero, walikula sahani moja wakibishana habari za imla. Sauti ya sekretere ilikuja kutoka Beni kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la sukari. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto, kwanza akilia tu, halafu akibwabwaja, halafu siku moja akiita.

Kisha habari ikaja kwamba mabati yametoka Kasindi.

Naungama kwamba sikujua niombe nini. Biro bila paa ni aibu kwa Leta, na mabenchi yale kanisa lilikuwa linayahitaji. Lakini shefu alikwisha kusema: paa likipigiliwa, wote warudi, na wa Beni pia. Nilimpigia sekretere. 

“Mama, mutoto anasema ‘mama’ sasa. Anasema akiniangalia miye.”

“Nimemsikia, mwanangu.”

“Shefu anasema hawezi kujua kama niko nafanya kazi ao niko natwanga majani ya sombe.”

“Na wewe unafanya lipi?”

“Byote mbili, Mama!” Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia. “Nikirudi ku kile chumba, nitakuwa tena mugeni wa Jumamosi.”

Siku iliyofuata nilimpelekea shefu barua zake, na nikamwambia yote. Alinisikiliza kwa heshima, akiishika barua mbali na uso wake kama kitu cha moto, akatia sahihi.

“Koko,” akasema, maana huniita bibi kwa Lingala, “huruma ninayo. Mais Leta haiendeshwi na huruma. Nitakuja kuona mimi mwenyewe hii kazi ya nyumbani ni kazi gani. Nikiona ni kazi, tutaongea. Nikiona ni jiko, arudi. Siku sikuambii.”

Basi tukawa tunamngoja kama wanawali wa Injili, taa zikiwa na mafuta.

Alikuja siku ya watu wengi. Alisimama barabarani, akaona mabenchi yamejaa, akafikiri: nikipita mbele wataamka wote kunisalimu, na koko atajipanga. Kwa hiyo akazunguka kwenye migomba ili aje nyuma, atukute vile tulivyo. Na kwa kuwa alilelewa vizuri na mama yake huko Kasai, na hakutaka kuingia kwa mjane mikono mitupu, alikuwa amenunua sukari njiani.

Mlango wa nyuma. Na sukari mkononi. Mtu aliyesoma kuliko sisi sote aliingia mwenyewe kwenye mtego ambao hatukumtegea.

Jirani yangu hakuwahi kumwona. Maneno yao alinisimulia baadaye, akiigiza sauti zote mbili.

“Karibu, papa! Sukari! Mungu akubariki. Ikala apa, ku hii kiti.”

“Asante, mama. Nimekuya kuona kazi ya biro inatembea namna gani.”

“Eeh! Ngoja kwanza. Umepita mulango gani?”

“Hii hapa.”

“Na sukari?”

“Na sukari.”

“Donc uko mugeni. Mugeni hasemake mambo ya biro. Kama uko na mambo ya biro, kuya kesho, pita mbele, ufanye mulongo ku benchi sawa benzako.”

“Mama, unajua mimi ni nani?”

“Nakujua. Uko papa wa sukari. Shika kisu, menya hii viazi, batu iko na njaa.”

Hapo angeweza kutaja cheo chake. Mpaka leo sijui kwa nini hakukitaja. Nafikiri ni kwa sababu mama aliyekuwa mbele yake alikuwa na sauti ya mama wote. Alivua koti, akakaa kwenye kiti kidogo kando ya pazia linalotenga jiko na sebule, akamenya.

Upande wa pili wa pazia nilikuwa mimi na mwalimu mzee wa Mbau, mtu mrefu, mkali kwa maandishi, aliyekuja kusoma barua yake ya kupumzika kabla ya sahihi. Simu ilikuwa kwenye kopo la sukari. Kutoka Beni ilisikika sauti ya mchi, twa, twa, kisha ikanyamaza.

“Hii sauti ni ya biro ao ya jiko?” mwalimu akauliza.

“Ni ya biro yenye iko ndani ya jiko, papa mwalimu,” akajibu sekretere. “Barua yako nilimaliza asubuhi. Jina ya baba yako ilikuwa imekosewa ku karatasi ya zamani, nimetengeneza. Soma uone.”

Mwalimu alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaigeuza karatasi.

“Mais maandishi yenyewe! Makubwa sawa ya batoto ba mwaka ya kwanza! Munafikiri miye kipofu?”

“Haiko sababu yako, papa. Ni sababu ya shefu.”

“Shefu amefanya nini?”

Nilitaka kumzuia, maana mambo ya mkubwa hayasemwi kwa simu yenye sauti kubwa. Sikuwahi.

“Macho yake inachoka,” sekretere alisema, kwa upole kama anayesema habari za baba yake. “Miwani iko nayo ku mufuko, mais anaona haya kuivaa mbele ya batu. Alikuwa anasumbuka sana na barua. Njo nikaanza kukuza maandishi pole pole, kidogo kidogo, asijue. Sasa anasoma bila kusumbuka.”

“Na yeye anasemaka nini?”

“Anasema hewa ya Butembo imeponya macho yake!”

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Watu wa mabenchi wakacheka, hata wasiojua wanachekea nini. Mimi nilicheka nikiomba msamaha. Halafu nyuma ya pazia kiazi kilianguka ndani ya beseni, chubwi, na sauti ninayoijua ikasema:

“Kumbe!”

Nilifunua pazia. Shefu wa biro ya Leta alikuwa amekaa, mikono ya shati imekunjwa, kisu mkono mmoja, maganda magotini. Mwalimu aliruka akasimama kama mwanafunzi. 

“Mama?” simu ikaita. “Mbona kimya? Kuko nani?”

Ee Mungu, nijibu nini? “Kuna mgeni,” nikasema. “Wa mlango wa nyuma.”

“Ameleta nini?”

“Sukari.”

“Abarikiwe. Mumupe chakula, ashibe kabisa.” Na mchi ukaanza tena.

Shefu alifungua kinywa. Jirani yangu, ambaye sasa alikuwa ameshaelewa ni nani aliyemmenyesha viazi, alijifuta mikono kwenye kitenge, lakini sheria ni sheria.

“Papa shefu,” akasema, “unisamehe. Mais leo uko mugeni.”

Shefu akakifunga kinywa chake. Akala viazi na maharagi na waalimu, sahani moja na yule wa Mbau, bila neno. Alipomaliza alinawa, akavaa koti, akaaga kila mtu kwa mkono, na kwangu akasema neno moja tu: “Kesho.” Akarudi kwa njia ya migomba.

Sikumwambia sekretere. Nilisali rozari jioni ile na kila fumbo nililigeuza kuwa lake: asirudishwe kwenye kile chumba kwa sababu ya wema aliotenda. Maana watu wengine unaweza kuwaudhi kwa kosa ukasamehewa, lakini ukiwasitiri na wakajua umewasitiri, hawasamehi.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado chini nilipofungua mlango wa mbele. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Mwishoni kabisa, nyuma ya mama mwalimu mwenye mimba, alikuwa shefu. Nilimwita apite mbele. Alikataa kwa mkono. Alingoja zamu yake kama wenzake, na ilipofika aliingia, akakaa mbele ya meza yangu, na hapo ndipo nilipomwona vizuri. Alikuwa amevaa miwani.

“Mwite wa Beni,” akasema.

Niliita. Nikaweka simu kwenye kopo.

“Sekretere.”

Upande wa pili kitu kilianguka. “Shefu! Habari ya asubuhi, shefu.”

“Nzuri. Kwanza: barua zangu, rudisha maandishi ya kawaida. Karatasi ya Leta tunaimaliza bure. Niko na miwani.”

  Hapo alielewa mgeni wa sukari alikuwa nani.

“Shefu, miye... nilikuwa tu naona...”

“Najua ulikuwa unaona nini. Ukiwa Beni unaona macho yangu kuliko mimi mwenye nayo. Donc mutu wa namna hii nimurudishe huku akae karibu yangu afanye nini zaidi?” Akasafisha koo. “Mashine ibaki Beni. Wewe pia. Kazi ikidai uje, na barabara ikiwa nzuri, utakuja, utalala kwa koko. Nitaandika, nitatia sahihi. Mais ukitwanga sombe, funga mulango. Jana ilinipa njaa.”

 Aliyejibu alikuwa mtoto, karibu kabisa na simu, akisema neno lake moja analolijua, akilirudia na kulirudia. Shefu aliinama kusikiliza. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Mabati yalifika, yakapigiliwa. Yanang’aa mpaka kule kwenye mikaratusi. Sisi wa Butembo tulirudi biro, na sitadanganya, nilirudi kwa furaha, maana kazi ya nyumbani haina kengele ya kukuambia basi, na maharagi yale yalikuwa yananimaliza. Baba zetu walifua chuma na kushona na kufundisha kwenye nyua zao, watoto wakiona. Ni Leta iliyotufundisha kwamba kazi ina nyumba yake peke yake. Huenda wajukuu watazipatanisha hizo nyumba mbili. Huko Beni tayari zimepatana, kwenye meza moja ya jikoni.

Jirani yangu bado ananinung’unikia kwamba nimemfungia sufuria. Na juzi mwalimu wa Lubero alikuja biro, akaizunguka nyumba nzima chini ya mabati mapya na mfuko wa viazi begani, akarudi mbele amechoka.

“Mama, mulango ya nyuma iko wapi?”

“Hapa hatuna, mwalimu. Ule uko kwangu. Njoo Jumapili baada ya misa, bila karatasi.”

Akaja. Tukala.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie kazi isiyopindisha mkono wako, na nyumba ambamo mtoto akikuona anakuita kwa jina lako. Akupe mlango wa kupokea na mlango wa kutoa, na hekima ya kuujua mmoja na mwingine. Na siku utakapobisha kwake, akufungulie, akupe kiti, ushibe. Amina.